Mbio za Swalehe Zinaishia Malolo

"Hizi raba hazitoki hapa," Biasha alisema, akazikalia.

Alizikalia kweli, zote mbili, kama kuku aliyelalia mayai. Mumewe, Swalehe, alisimama mbele yake pekupeku, bukta kiunoni, asubuhi ya siku ya mbio ndefu za Ruangwa mjini. Kijiji chao, Nkowe nzima, ilijua kwamba anakwenda kukimbia. Nkowe nzima ilijua pia kwamba mkewe hataki.

"Mama Raudha, nitachelewa."

"Chelewa. Mikorosho inangoja kupuliziwa salfa, wewe unakimbia. Nani anakufukuza?"

Swalehe akarudia maelezo yake ya kila siku. Kwamba akishapanda kilima cha pili kifua kinafunguka, salfa yote aliyoivuta tangu ujana inamtoka, bei ya korosho inamtoka kichwani, magoti nayo yanasahau umri. Anajiona angeweza kufika Nachingwea, aipite, aendelee mpaka nchi imwishie. Biasha alisikiliza yote hayo akaokota neno moja tu: kusahau. Mwanamume anayesahau korosho zake, kesho atasahau nyumba. Na mbio gani hizo ambazo mtu anarudi mdomo unanukia chai ya tangawizi?

Halafu lile la Malolo, kijiji cha jirani, lilikuwa halijapoa. Huku kwetu mtu wa makamo hakimbii alfajiri bure. Ama ameona nyoka, ama anafukuza mwizi, ama anapeleka taarifa ya msiba. Siku ya kwanza Swalehe alipokatiza kijijini mbio, nyoka hakuonekana, mwizi hakuonekana. Wanawake wakajifunga kanga, wakachota unga, wakamfuata. Kila kitongoji wakimuuliza nani amefariki, yeye pumzi hana, anapunga mkono tu kuelekea mbele. Wakasema basi huyo marehemu ni mtu mkubwa. Walipokaribia Malolo msafara ulikuwa mrefu hata vumbi lake likafunika jua, majogoo wakarudi kulala.

Swalehe akaingia uani kwa Valentina, mjane wa pale, kutafuta maji. Watu wakajua ndipo penyewe. Wakatandika mikeka, wakaangua kilio. Valentina akatoka ndani akakuta nyumba yake inaliliwa, naye akalia kuliko wote, maana hakujua ni nani kati ya ndugu zake. Mpaka inabainika kwamba hakuna maiti, ugali ulikuwa umeshasongwa. Wakala, wakacheka, wakarudi makwao.

Biasha alikuwa miongoni mwao, na unga wake. Yeye hakucheka. Alichokiona ni kwamba Swalehe, mtu aliyedai anafika kwa Valentina kwa mara ya kwanza, hakuuliza mtungi uko wapi. Alizunguka mwenyewe nyuma ya nyumba, akaichomoa kata pale ilipochomekwa kwenye makuti, akanywa.

"Sasa niambie ukweli," alimwambia asubuhi hii. "Nikijua umenidanganya, leo hii nakwenda kwa kaka zangu Kiegei, na mikeka yangu kichwani. Unakimbia na nani?"

Swalehe akachuchumaa wakawa wanatazamana.

"Peke yangu, mke wangu. Mimi na njia. Hata mbwa hanifuati."

Aliyasema kwa upole, tena bila kupepesa, Biasha akaanza kulegea. Labda kweli ni kifua tu. Labda ni uzee unamtisha, na kila mtu ana namna yake ya kuukimbia. Akajiinua kidogo, raba moja ikachungulia. Alikuwa amefungua kinywa amwambie basi nenda, ila na mimi nakuja nyuma yako kwa bodaboda, nikuone kwa macho yangu.

"Hodi wenyewe."

Valentina alikuwa ameshaingia uani, kanga imefungwa juu ya suruali, jasho linamchuruzika mpaka kwenye raba zake mpya.

"Swalehe, leo umenitupa? Nimekungoja pale njia panda mpaka miguu imepoa."

Ndipo akamwona Biasha. Biasha akainuka kwenye raba, akaenda kukunja mikeka yake. Hakuna aliyemwambia karibu.