Kwenda Kuona Alipolazwa

Mama yangu alilala chini miezi saba. Si kwamba hakuwa na kitanda. Kitanda kilikuwa palepale, kimetandikwa, katika chumba chake cha Evere, hapa Brussels, ghorofa ya tatu, na godoro la kilio liliwekwa sakafuni kando yake. Kila asubuhi nilipopita kwake kabla ya kazi nilimkuta amekaa juu ya godoro lile, mgongo ukutani, miguu imevimba, kitambaa cheusi kichwani. Daktari alisema sakafu ile itammaliza. Mama alimjibu kwa heshima kwamba ameelewa, kisha akabaki palepale.

Aliyekufa ni mdogo wangu, mtoto wake wa mwisho. Miaka tisa kabla ya hapo alikwenda Tailandi kununua na kuuza mawe, katika mji mmoja wa mashariki ambako rubi hutandazwa mezani sokoni kama kwetu wanavyotandaza karanga. Alipata kiharusi, akalala hospitali siku mbili, akafa. Habari ilitufikia kwa simu kutoka kwa mwenzake wa biashara, mtu wa Gine, aliyetuambia kwa Kifaransa tusiwe na wasiwasi, kila kitu kimekwisha vizuri, hekaluni. Neno hilo la hekaluni ndilo lililotuvuruga. Sisi ni Wakatoliki, kwetu mtu anazikwa. Kila mmoja alielewa kule hekaluni wanafanya nini, na hakuna aliyekubali kulisema mbele ya mama.

Matanga sisi watu wa Katanga tunayaita kilio. Katika ukoo wetu kilio hakitolewi, na mfiwa haachi kulala chini, mpaka mtu wa damu asimame mbele ya wafiwa na kusema: nimefika, nimeona alipolazwa. Mtu akifia Likasi, mmoja anapanda basi anakwenda Likasi. Huyu alifia Tailandi, ikabidi ukoo ukae kikao. Wengine hawakuwa na pasipoti, wengine walikuwa na watoto wadogo. Mimi nina pasipoti ya Ubelgiji, na wanangu wamekua. Nikachaguliwa mimi, niliyesoma mpaka darasa la sita, ninayefagia ofisi, ambaye sikuwahi kupanda ndege peke yangu.

Juma moja kabla ya safari, mjomba wetu, ambaye sisi sote tunamwita tonton, alinipeleka Chaussée de Wavre, barabara ya maduka ya Waafrika, kununua kitenge cha kumpa mwanamke aliyekuwa akiishi na mdogo wangu. Tulipotoka dukani alinishika mkono, akangoja watu wapite, akaniambia kwa sauti ya chini:

“Kama balimuchoma, weye sema balimuzika. Uwongo wa kuponyesha muntu si uwongo.”

Mimi sijui kudanganya. Sijisifu, ni kama mtu asiyejua kuogelea. Najua nikiingia tu nitazama, na watu wote wataona. Basi nilisafiri na hofu moja tu. Si ndege, si joto, si lugha. Niliogopa kile nitakachokiona, kwa sababu nikikiona nitakisema, na nikikisema, huenda mama hatainuka tena.

Yule mwanamke wa mdogo wangu alikuwa amenitumia kwenye simu jina la hekalu katika maandishi ya Kitai. Nililipeleka kwenye duka la nakala Schaerbeek, wakalikuza mpaka likajaza karatasi nzima. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa mdomo wangu. Kule Bangkok nilimwonyesha mtu wa kwanza niliyemwona amevaa sare, akanipeleka kwa wa pili, wa pili akanipeleka kwenye dirisha la tiketi, na saa moja baadaye nilikuwa ndani ya basi dogo lenye baridi kama friji. Nililala, nikaamshwa tulipofika. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyejifanya hanioni. Hapa Brussels mgeni hutazamwa mara moja, kisha macho yanakwenda dirishani. Kule walinitazama, wakatabasamu, wakaendelea kunitazama. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alizishika nywele zangu zilizosukwa, akazikagua ncha moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba kazi ni nzuri.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo. Yule mwanamke aliuza supu ya tambi sokoni asubuhi, kwa hiyo tulipatana tukutane hekaluni, na mimi nipande gari la buluu. Magari hayo ni pikapu zilizofunikwa, zenye mabenchi mawili ndani yanayotazamana, nyuma wazi. Niliona kando ya barabara benchi chini ya paa la bati, nikasema hapa ndipo kituo. Nikakaa. Palikuwa na wanaume wanne waliovaa fulana za rangi ya machungwa, wenye pikipiki. Walinisogezea nafasi. Mmoja aliniletea maji. Mwingine alinionyesha pikipiki yake, nikakataa kwa kichwa, akasema sawa. Magari matatu ya buluu yalipita bila kusimama. Nilianza kufikiri hawachukui watu weusi. Mwisho yule mzee kati yao akaomba karatasi yangu, akaisoma, akanitazama, akasoma tena. Akaingia barabarani, akanyoosha mkono chini na kupungia. Gari la nne likasimama hapohapo mbele yake.

Hakukuwa na kituo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la waendesha pikipiki karibu saa nzima, nao wakadhani nimechoka, napumzika. Nimekaa Brussels miaka ishirini na miwili, nikisubiri tramu kwenye nguzo yenye saa na dakika. Nilisahau kwamba gari linaweza kusimama kwa sababu mtu amenyoosha mkono. Walipoelewa walicheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Kosa la pili halikuwa dogo.

Njiani gari lilisimama kumchukua mtawa, mzee sana, amevaa shuka la rangi ya zafarani, begi la kitambaa begani. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya nyuma, wa pili ukakataa kupanda. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na ngazi hiyo. Nimelelewa nikijua kwamba mzee haachwi ahangaike. Kila siku kwenye tramu nashika viwiko vya wazee, Wabelgiji kwa Waturuki. Sikufikiri. Niliinama, nikamkamata mkono juu ya kiwiko, nikamvuta.

Mzee alijivuta nyuma kama aliyeguswa na moto, akayumba, na mwanamume mmoja akaruka kumdaka upande wa pili kabla hajaanguka. Wakampandisha. Watu wakasogea, wakampa benchi lote la upande wa kulia peke yake. Mama mwenye kapu la mboga akanivuta nguo taratibu, nikae mbali. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayemwonea mwenzake aibu. Nilikunja mikono yangu mapajani. Yule mzee alitazama barabara iliyokuwa inabaki nyuma, hakunigeukia hata mara moja.

Nilijua nimefanya jambo zito, sikujua ni jambo gani. Kisha nikaelewa kitu kingine, kibaya zaidi. Mtawa huyu anakwenda wapi, kama si kwenye hekalu ninakokwenda mimi? Nimesafiri nusu ya dunia ili nimfukuze mwenye nyumba kwa mkono wangu mwenyewe. Nikajiona nimerudi Evere, nimesimama mbele ya mama, nikisema: nilifika, lakini hawakunifungulia.

Na kweli, mzee alipobonyeza kengele ya darini, gari likasimama mbele ya lango la hekalu. Alishuka yeye, nikashuka mimi.

Mwanamke wa mdogo wangu alikuwa langoni, kofia ya pikipiki mkononi. Mfupi, mwembamba, umri kama wangu. Aliunganisha viganja mbele ya uso na kuinama. Mimi nilikunja magoti na kupiga makofi ya taratibu kama tunavyomwamkia mtu kwetu. Tulibaki hivyo, kila mmoja chini kuliko mwenzake, mpaka akaweka kofia chini akanikumbatia. Tulilia kidogo. Kisha, kabla ya salamu nyingine yoyote, nilitoa simu yenye kutafsiri na kukiri. Niliandika kwamba nimemshika mkono mtawa yule pale, kwamba sikujua, kwamba mzee asimkasirikie marehemu kwa ajili yangu.

Alisoma. Akamtazama mzee, ambaye alikuwa amesimama chini ya kivuli akivua kandambili. Akamuuliza kitu kwa sauti ya heshima. Mzee akajibu maneno machache bila kugeuka. Yule mwanamke akafunika mdomo, akaketi kwenye ngazi, mabega yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alipomaliza kucheka aliandika, nami nikasoma: “Anasema dada wa marehemu ana mkono wenye nguvu. Anasema goti lake linakushukuru, yeye mwenyewe hawezi.”

Akanieleza kwamba mwanamke hamgusi mtawa, ndiyo sheria yao, lakini sheria inampasa mtawa kuilinda, si mgeni. Na huyo mzee ndiye aliyemsomea mdogo wangu sala usiku tatu. Nilivua viatu. Miguu yangu ilikuwa nyepesi kama ya msichana.

Mzee alitangulia. Nyuma ya jengo kubwa kulikuwa na ukuta mrefu mweupe wenye vijumba vidogo vya mraba, kila kimoja na picha. Mdogo wangu alikuwa mstari wa pili kutoka chini, amevaa kapelo, anacheka. Nyuma ya picha ile ndipo yalipokuwa majivu yake. Basi nimeona. Niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa na joto la jua. Nikalia kwa sauti, kama kwetu, bila kujizuia, mpaka mbwa aliyelala pale akaamka akahama. Mzee hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mbali kidogo, akasubiri nimalize.

Nilipomaliza, mwanamke alikuwa ameshapanga chini ya picha bakuli la wali, samaki wa kukaanga, kisahani cha pilipili iliyotwangwa, na glasi ya soda. Aliniandikia kwamba huja kila Jumapili. Kwa mtawa siku zote ni sawa, lakini mdogo wangu alimwambia Jumapili ndiyo siku watu wetu huvaa vizuri na kwenda kanisani. Siku ile ilikuwa Jumatano. Alikuja kwa ajili yangu.

Nilirudi Brussels Ijumaa. Jumamosi mchana ukoo ulijaa sebuleni kwa mama, wengine wamekaa mpaka jikoni. Mama alikuwa juu ya godoro lake, wameliburuta mpaka hapo. Tonton alijiweka kando yangu. Nilipoinuka kusema, alinigonga na goti.

“Ulifika?” mama akauliza.

“Nilifika, maman.”

“Balimulaza wapi?”

Niliwaza ile njia nyingine, sekunde moja tu. “Balimuchoma, maman. Majivu yake iko ndani ya ukuta, ku hekalu. Niliona kwa macho yangu.”

Tonton akashusha pumzi na kufunika uso kwa kofia. Shangazi mmoja akaanza kuomboleza, mama akanyoosha mkono akamnyamazisha. Alinitazama muda mrefu. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, nikamwacha anitazame.

“Mvua inaingiaka mule?”

“Hapana, maman. Iko na paa.”

“Nani anaendaka kumuona?”

Nikamweleza habari za yule mwanamke, kila Jumapili, na kwa nini Jumapili. Nikamweleza mzee aliyesali usiku tatu na nilivyomkamata mkono. Watu wawili watatu walicheka, wakajizuia. Mama hakucheka.

“Yule bibi anamupelekea nini?”

“Muchele. Samaki. Na pilipili.”

“Pilipili mingi?”

“Mingi sana, maman. Ile yao inapita yetu.”

Aliinamisha kichwa. Nilimwona akihesabu kitu ndani yake, sijui nini. Kisha akasema, si kwangu, si kwa mtu yeyote:

“Donc basi, anakula.”

Baadaye tu alitueleza kwamba miezi yote ile moto haukumsumbua kama tulivyodhani. Alijua tangu siku ya simu. Alikuwa akimwona mwanawe peke yake, mahali ambako hakuna mtu anayejua jina lake, na hakuweza kupanda kitandani akimwacha vile.

Tonton alivaa tena kofia na kuwatangazia wote kwamba ndivyo alivyoniambia tangu mwanzo, niseme ukweli. Mama ndiye aliyemjibu.

“Weye? Hata imbwa yetu ilipokufa, ulisema ilienda kutembea.”

Sebule nzima ikacheka, na tonton akacheka kuliko wote, na katikati ya kicheko kile mama akatunyooshea mikono miwili. Mimi nilishika huu, binamu akashika ule, tukamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Wanawake wakamwingiza bafuni, wakamvua nyeusi, wakamwosha. Wanaume wakakunja godoro.

Jumatatu nilipita kwake kabla ya kazi kama kawaida. Niligonga, hakuitika. Nikafungua kwa ufunguo wangu, nikasukuma mlango wa chumba. Alikuwa kitandani, ubavuni, blanketi limefika shingoni, anakoroma. Nikarudisha mlango taratibu, nikavua koti, nikakaa jikoni kumsubiri aamke.