Nasikia, Daktari

Nilianza kumshuku daktari wa ganzi alipotabasamu. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda cha thieta, nimekumbatia mto, nikisubiri mtoto wangu atolewe kwa upasuaji.

"Viungo vyangu vimelegea tangu utotoni," nilikuwa nimemwambia. "Bega huchomoka nikianika nguo tu. Na kule Nyamira daktari wa meno alinidunga mara tatu, bado jino liling'olewa nikiumia."

"Umesoma sana kwenye simu, mama."

Kweli nilikuwa nimesoma. Watu ambao nyama za kushikilia viungo ni dhaifu, ganzi inaweza kukataa kuwashika, au ikawaishia mapema. Lakini digrii yangu ni ya biashara, kwa hiyo sikujua kama najua au nabahatisha.

Sindano ikaingia mgongoni. Miguu ikawa mizito. Wakanilaza, wakatundika kitambaa mbele ya uso wangu. Kitu kikanifinya tumboni.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia, daktari."

"Vizuri. Utakuwa unatusikia hivyo hivyo mpaka tumalize."

Kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, sauti na maumivu husikika kwa neno lilelile, na Kiswahili chetu hufuata hapo hapo. Aliniuliza kuhusu masikio au ngozi? Au alinielewa vizuri na kunipuuza? Au ni mimi, nimengoja kuumia mpaka nikajifinya mwenyewe kwa mawazo? Upande wa pili wa kitambaa vyuma viligongana.

"Sista," nikamwita muuguzi aliyesimama kichwani pangu. "Sisikii kwa masikio. Nasikia kwa tumbo."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Daktari, huyu anahisi."

"Ni wasiwasi tu."

"Basi mjaribu bila kumwambia."

Daktari akapitisha pamba baridi yenye spiriti tumboni mwangu. Nikataja: kushoto, juu ya kitovu, sasa umeacha, sasa kulia, chini kabisa. Daktari hakutabasamu tena. Akaniuliza upya habari ya jino, polepole, kisha akamwambia mpasuaji asubiri, wanilaze usingizi kabisa.

Nilipoamka koo liliwasha. Muuguzi alikuwa amembeba mtoto. "Msichana wako huyu. Analia kama mtu ana kesi."

Nilimtazama sana. Kisha nikaomba iandikwe kwenye faili kwamba ganzi ya mgongo haikunishika.

"Daktari ameshaandika."

"Naomba nisome, sista."