Sketi Nyeusi za Nay Salving

Saa kumi na moja alfajiri, Salvacion Gumban anaingia ndani ya tangi, maji ya chumvi yakimfika magotini. Kwapani amebana furushi la nguo nyeusi. Kamba anaowafuga wanaruka pembeni, wamepauka kama maji ya mchele.

Hapa Guimbal, pwani, kila mtu anamwita Nay Salving, yaani Mama Salving. Ana miaka sitini na mitatu, na kwa miaka thelathini na minne amelisha kamba.

Wiki iliyopita tajiri alipaka matangi rangi nyeupe ili yapendeze machoni mwa wakaguzi. Kamba waliporudishwa humo, wakapoteza rangi. Mnunuzi anafika saa nne, na waliopauka hachukui. Asipochukua, upande huu wa shamba la kamba utafungwa na wafanyakazi tisa watarudi nyumbani.

"Nay, unawavisha kamba nguo za msiba?" anamtania Berting, mwenzake, ambaye amemwekea kahawa ya moto ukingoni bila kuombwa.

"Nyamaza wewe! Shika pindo hilo, weka jiwe, litande sakafuni."

"Hazichuji rangi?"

"Nilizifua mwaka mzima. Zingechuja nini tena?"

Ni sketi alizovaa alipofiwa na mumewe, Leopoldo, au Poldo, aliyelisha kamba naye hapa. Mwaka ulipotimia alizivua mbele ya jamaa, lakini hakuzigawa.

Zamani, kabla ya kazi hii, yeye na mumewe walifagia kituo cha utafiti. Siku moja mtaalamu wa kamba aliwaita waone kazi yake. "Alituvutia viti," anakumbuka Nay Salving. "Sisi, wafagiaji!"

Kamba aliyekatwa vikonyo vya macho, vile vijiti vinavyobeba macho yake, alikuwa amekolea rangi, hata kwenye beseni jeupe. Akadungwa tone la maji yaliyotokana na vikonyo vilivyotwangwa. Akapauka.

"Poldo akasema, 'Salving, jicho linaona sakafu, kikonyo kinatuma habari kwenye damu, rangi inatii.' Jioni mezani alirudia hivyo mpaka supu ikapoa."

Saa nne, kamba walio juu ya sketi wamekolea, mistari yao imerudi. Mnunuzi anainua mmoja, anamgeuzageuza.

"Hawa ndio kamba wa siku za Poldo," anasema, kisha anaagiza makreti.

Tajiri, akitazama chini, anamwambia Nay Salving achague tangi moja lipakwe rangi nyeusi.

"Yote manane, mwanangu."

"Haya, Nay. Yote."

Nay Salving anataka kazi iishe kabla ya sikukuu ya kijiji. Hadi hapo, sketi zitabaki majini.

"Nikizitoa, nitakuwa nimezivua mara ya pili," anasema. "Safari hii nitazigawa."