Wimbo Uliokosa wa Kuuitikia

Dada yangu ndiye alikuwa manju wa wanawake wa kwetu, upande wa Mbwera. Harusi ikitangazwa, wimbo anautunga yeye, na anayetangulia kuimba ni yeye. Upande wa Mbuchi nao walikuwa na manju wao. Pande hizo mbili zikikutana uwanjani, manju anayeshindwa kuwainua watu wake hasemwi siku hiyo tu.

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa, redio kaseti zilianza kufika huku kwetu deltani. Mimi yangu niliinunua Kibiti, na muuzaji akaniongezea kaseti ya mzungu mmoja wa magitaa ambayo hakuna aliyeitaka. Msimu wa kulinda ndege nilikaa nayo dunguni, juu ya shamba la mpunga. Kiingereza sikukijua, darasa la saba langu halikunifikisha huko. Kwa hiyo nilisikiliza jinsi wimbo ulivyojengwa. Nilichukua mkaa nikachora kwenye mbao za dungu, mstari mfupi pale sauti ilipokuwa chini, mrefu ilipopanda. Betri zikichoka nilizianika juani, na mkanda niliurudisha kwa kalamu. Mwishowe niliona ufundi wake. Gitaa moja linaanza, mtu anaimba kama anayejisemea, ngoma zimenyamaza. Ubeti wa pili vilevile. Kile kiitikio unachokitamani anakuficha mpaka karibu na mwisho, ndipo vyote vinaingia kwa pamoja na mwili unakusisimka.

Nilimweleza dada aliponiletea chakula. Alisikiliza wimbo wote, kawa bado mkononi.

"Huyu anaimba peke yake," alisema. "Wenzake wako wapi?"

Nilicheka. Nilimwambia huo ndio ufundi wenyewe, watu wanangojeshwa. Nikamtungia wimbo wa harusi ya binti wa shangazi yetu kwa mpango uleule. Alinitazama kidogo, akasema haya, mdogo wangu, nitauimba.

Kwetu manju hutoa kiitikio kwanza. Wenzake wanakipokea, wanakizungusha, ngoma inakishika, kisha ndipo yeye anatia maneno yake katikati. Nililijua hilo tangu utoto, maana nililala mgongoni mwa dada huyohuyo akiimba. Mkanda ule ulinisahaulisha.

Siku ya harusi dada aliimba ubeti wa kwanza. Wanawake wake walisimama mabega yakiwa tayari, hawana la kuitikia. Wapiga ngoma wakamtazama. Akaingia wa pili, sauti chini, kama nilivyomfundisha. Mwanamke mmoja wa Mbuchi akamwuliza kwa upole kabisa, "Shoga, tumekuja kucheza au kusikiliza taarifa ya habari?"

Uwanja ulicheka. Kiitikio changu kilipofika hakuna aliyekisikia. Wa Mbuchi walikwisha kuanzisha wimbo wao, na hata wanawake wa kwetu walikuwa wanauitikia. Dada alinitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimeshapita nyuma ya jiko, naelekea mtoni.

Hatukulizungumza kamwe. Harusi zilizofuata alitangulia mwingine, na dada akasimama nyuma na waitikiaji, anapiga makofi. Redio niliiuza.

Mwaka huu tumemzika. Matangani nilikaa mkekani na wanaume, na kutoka upande wa wanawake nikasikia wanamkumbuka: kucheka kwake, wali wake, mwishowe harusi ile, jinsi manju wetu alivyosahau wimbo. Walicheka kwa huruma. Niliweka kikombe cha kahawa chini. Bibi mmoja aliyekuwa akimwitikia dada miaka yote aliniona, akaja akachutama karibu yangu.

"Usione vibaya, baba," alisema. "Hakusahau, tunajua. Ni yeye aliyetuambia tuseme kasahau. Alisema, mdogo wangu ataona haya."

Nilimwitikia naam. Akajiinua kwa kushika bega langu, akarudi kwa wenzake.