Gunia la Udongo wa Kwetu

Nimeolewa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Kwetu ni juu, kwenye milima ya Tarime, na kijito kinachopita chini ya shamba la mama huja kuingia mto huu huu. Kila masika maji yakigeuka mekundu nilisimama ukingoni nikajiambia, kwetu kumenyesha. Nikimpigia mama simu, huuliza habari za ng'ombe. Miaka yote hiyo hakuwahi kusema amenikumbuka, nami nililitamani neno hilo kuliko zawadi yoyote.

Baba aliacha ukanda wa majani ya mabingobingo kuzuia udongo wa mteremko usichukuliwe na maji. Alipofariki, kaka yangu akayang'oa ili apate mistari miwili mitatu zaidi ya mahindi, akawa analima kwa plau kufuata mteremko. Kichwa ngumu yule! Mvua zikalishusha shamba kidogo kidogo. Huku kwangu mto ukifurika ulinitandazia tope jekundu, viazi vikanenepa. Nilifurahi, kusema kweli. Nilipompelekea mama viazi hivyo ndipo nilipoona kwamba nyuma ya jiko, alipokuwa akipanda mboga ya mgagani, pamebaki mawe.

"Vitamu," alisema akitafuna. "Kumbe udongo wetu haujambo huko."

Alitaka kula tena mboga ya kwake, si ya kununua sokoni. Basi mafuriko yalipopungua nikajaza gunia, nikapanda bodaboda. Tulipofika Nyamongo, kwenye machimbo ya dhahabu, dereva akapunguza mwendo.

"Mama, umebeba mawe ya dhahabu?"

"Udongo. Naurudisha kwetu."

Akacheka, hakuamini hata kidogo. Kila tuliposimama, watu walilitazama gunia kwa heshima ambayo mimi mwenyewe sijawahi kupewa.

Wala sikuwa na ushahidi. Mto Mara unatoka Kenya, unapita mbugani, unazoa udongo wa watu wengi. Huenda nilikuwa nambebea mama shamba la mtu mwingine. Yeye hakuuliza. Aliumwaga juu ya mawe, akapiga magoti, akausugua kati ya viganja, akaunusa.

"Umekaa sana huko," alisema taratibu. "Nimekukumbuka mno."

Alikuwa anauambia udongo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaitikia, "Nimerudi, mama."