Boksi Lililotolewa Mstarini

Kampuni ya Mama Selo ilianza kwa sababu wifi yake hakujua kufunga boksi.

Wifi huyo, dada wa mume wake, alikuwa akiuza mikoba kwa simu. Anapiga picha, anaiweka mtandaoni, mteja anaagiza, mkoba unasafiri. Mdomo alikuwa nao. Angeweza kukuuzia kiti ulichokalia. Lakini mikoba ilifika imebonyea kana kwamba dereva aliikalia njia nzima. Siku moja Mama Selo, ambaye wakati huo alikuwa na meza ya vyombo sokoni, alimpokonya boksi. "Lete hapa, wifi, unanitia aibu." Akakunja magazeti, akajaza pembe, akazungushia selotepu, kisha akaliweka boksi sikioni na kulitikisa. Likanyamaza kimya. Ndipo akalikubali.

Mtikiso huo ndio kampuni yenyewe, mengine yalikuja kuongezeka tu. Wauzaji wengine waliona mizigo ya wifi inafika salama, wakauliza anafungiwa na nani. Sebule ikajaa maboksi hadi mume akawa anaingia kwa ubavu, akilalamika kwamba alioa mke akapewa bohari. Wakakodi karakana ya seremala aliyehama, jengo lenye harufu ya vanishi ambayo haijatoka mpaka leo. Wakaweka rafu, printa ya lebo, waendesha pikipiki. Meza ya sokoni aliiuza bila kugeuka nyuma. Waendesha pikipiki ndio waliombatiza Mama Selo, kwa kuwa hakuonekana bila duara la selotepu mkononi kama bangili.

Sasa njoo kwenye ile siku ya majaribio.

Mwanamke mmoja aliyeuza vyombo vya jikoni mtandaoni, mwenye oda nyingi kuliko wateja wao wote wakiunganishwa, alikuwa amewapa mizigo ya siku moja awapime. Alitaka kila mzigo ufike siku hiyohiyo, na usivunjike. Wakifaulu, kazi yake yote ni yao. Wakishindwa, anaipeleka kwa kampuni kubwa ya upande wa pili wa mji, yenye mikanda ya umeme na vijana wa sare. Wateja wengine walikuwa wameshahamia huko. Bila kazi hii ghala lisingeumaliza mwaka, na Mama Selo alilijua hilo.

Kazi yao ilikwenda hivi. Maboksi yaliyofungwa yalipangwa juu ya meza ndefu kwa mfuatano wa oda. Mama Selo alitangulia akitikisa moja moja. Wifi alifuata nyuma na mkanda wa lebo zilizochapwa kwa mfuatano uleule, akibandika. Maboksi ya vyombo yote yalikuwa sawa kwa umbo na rangi. Ukishafunga, huwezi kujua lipi lina birika, lipi lina bakuli.

Karibu na mwanzo wa meza, boksi moja likasema. Kifuniko cha birika kilikuwa kinacheza ndani. Mama Selo akalichomoa, akayasogeza mengine kuziba pengo yasianguke, akaenda kulifungua kwenye meza ya pembeni. Wifi akaja nyuma, simu begani, akimbembeleza mteja wa mikoba, mkono ukibandika tu. Mama Selo aliporudi, mkanda ulikuwa umebaki na lebo moja, na yeye ana boksi moja mkononi.

"Umeona? Hesabu imetimia," wifi akasema.

Mama Selo akaibandika kwa mkono wake mwenyewe. Pikipiki zikaondoka.

Hata chai haijapoa, simu ikalia. Ni yule mwendesha pikipiki waliyemwita Dakika Mbili, maana ndiyo jibu lake la kila kitu.

"Mama, huyu dada anasema aliagiza birika. Mimi nimemletea bakuli. Ananitazama kama nimemwibia."

"Rudi nalo. Tutaona." Ni kosa moja, akajituliza, moja halikosi kutokea.

Simu ikalia tena. Mwendesha mwingine: mzee wa watu aliagiza sufuria, kapewa birika.

Mama Selo akaenda kusimama mbele ya meza tupu. Akapeleka mkono pale alipochomoa lile boksi na kuziba pengo, kisha akautembeza taratibu kuelekea mwisho wa meza, akihesabu. Kuanzia hapo kila boksi lilikuwa limebeba lebo ya mwenzake aliyetangulia. Na lile alilolitengeneza kwa uangalifu wote lilikuwa linakwenda kwa mtu wa mwisho.

Wifi alipoelewa, alikaa juu ya rundo la makaratasi. Halafu mdomo wake ukafanya kazi yake.

"Sikiliza. Tunyamaze. Waache wayafikishe, kesho tunawazungukia kubadilisha. Yamefika leo, hayajavunjika. Masharti hayakusema yafike kwa nani."

"Wewe ungekuwa wakili, wifi, mngefungwa na mteja wako chumba kimoja."

"Basi unataka nini?"

Mama Selo alikuwa ameshaanza kupiga simu. Waendesha wote wasimame walipo, wakutane kituo cha mafuta cha katikati ya mji, kwa sababu boksi la huyu lilikuwa kwenye pikipiki ya yule.

"Dakika mbili, mama," alisema Dakika Mbili.

"Leo ziwe mbili kweli."

Kisha akampigia mwenye vyombo. Sokoni alijifunza jambo moja: ufa wa kikombe ukiutaja wewe kwanza, mnajadili kikombe, mteja akiugundua mwenyewe, mnajadili tabia yako.

"Dada, lebo zimehama. Nimesimamisha mizigo tuzirekebishe."

Upande wa pili funguo za gari zikalia.

"Mko wapi?"

"Tunaelekea kituo cha mafuta."

"Nakuja."

Pale kituoni walipanga maboksi chini ya ukuta, na wifi, safari hii simu imezimwa mfukoni, akabandua na kubandika, kila lebo ikirudi hatua moja. Lebo zilizochanika Mama Selo alizishika kwa selotepu. Mwenye kituo alipiga kelele kwamba hapa si soko. Wifi akamwahidi mkoba wa mke wake, kelele zikaisha. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Mama Selo alilitazama kila baada ya boksi, kama anayemchunga mwizi.

Mwenye vyombo akashuka kwenye gari. Hakusalimia. Aliinama, akaokota boksi moja, akalitikisa sikioni.

"Mnafanya hivi kwa yote?"

"Yote."

"Kwa hiyo usingetikisa, kosa hili lisingetokea."

"Lisingetokea. Na kifuniko cha birika lako kingefika vipande."

Mwanamke akaliweka boksi chini, akapangusa mikono.

"Basi punguza bei."

Hapo ndipo Mama Selo alipovuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi. Anayeomba punguzo hajaondoka.

"Bei haishuki, dada. Ila lebo ikikosewa tena, mzigo huo nausafirisha bure, kwenda na kurudi."

"Una uso mkavu wewe."

"Ndio niliokuja nao mjini."

Mwanamke karibu acheke, akajizuia. "Yote yafike kabla ya giza. Sahani na sufuria mtachukua. Glasi..." akafungua mlango wa gari. "Glasi nitaona."

Pikipiki zikatawanyika. Mama Selo alirudi ghalani akakaa na simu mapajani. Moja moja zikaripoti, mpaka akabaki Dakika Mbili. Nje rangi ya mbingu ilikuwa inafifia. Simu ilipolia aliikamata kwa mikono yote miwili.

"Limepokelewa, mama. Dada wa birika ananisalimia sasa."

Asubuhi iliyofuata sahani zililetwa. Meza ikajaa, Mama Selo akatangulia, akitikisa. Boksi moja likasema. Akalichomoa, mkono ukataka kuziba pengo kwa mazoea. Akausimamisha. Akavua kandambili ya mguu wa kushoto, akaiweka pale boksi lilipokuwa.

Wifi akaja nyuma, simu begani, lebo mkononi, akakwama.

"Wifi, hii kandambili inakwenda kwa mteja gani?"

"Simama hapohapo mpaka nirudi."

Akaenda meza ya pembeni, mguu mmoja mtupu juu ya saruji ya baridi, akisikiliza mlangoni. Gari la glasi lilikuwa bado halijaja.