Robini wa Bustani Mbili

Mtu yeyote aliyeingia jikoni kwa Mavis Threlfall alipokewa kwanza na mgongo wake. Mavis alikuwa daima amesimama dirishani, kikombe cha chai mkononi, macho kwenye bustani ya nyuma, na huku kakupa mgongo akikuuliza habari za watoto. Tangu astaafu upishi wa shule alikuwa akilisha ndege: alizeti na karanga kwa wote, na jibini iliyokwaruzwa kwa Askari.

Askari alikuwa robini, ndege mdogo wa kifua chekundu, mwenye unyoya mmoja mweupe bawani. Majira yote ya baridi Mavis alichuchumaa mlangoni asubuhi, kiganja wazi, magoti yakimlalamikia. Askari alisogea hadi kwenye ncha ya kiatu. Mkononi hakupanda. Mavis alijiambia ni haya tu, zitamtoka.

Kisha siku moja jirani yake, Gwenda Pomfret, akamwita kwa sauti ya chini kutoka upande wa pili wa ua.

“Shoga, njoo umwone Percy wangu.”

Mavis akachungulia. Robini alikuwa ametulia kwenye kiganja cha Gwenda, akila funza hai, na bawani ana unyoya mweupe. Mavis alijihisi kama mke aliyefumania.

“Wako tangu lini?”

“Tangu Oktoba. Hana kwao kwingine, maskini.”

Mavis alimsifu ndege, akarudi ndani, akafunga mlango kwa kishindo. Mumewe, Norris, akamweleza kwamba robini mmoja hutawala bustani kadhaa, na kila nyumba humpa jina lake. Huenda mwisho wa mtaa anaitwa Margaret. Mavis hakucheka.

“Halafu wewe unampa jibini, mwenzio anampa nyama,” Norris akaongeza. “Hata mimi ningehama.”

“Hama basi. Na soksi zako uchukue.”

Akanunua funza, akawaweka kwenye friji ndani ya kopo la siagi. Norris aliwagundua akiwa na mkate mkononi, na tangu hapo hafungui kopo bila kuuliza. Lakini Askari aliwala palepale kizingitini, kisha akaruka ua kwenda kumaliza mlo kwa Gwenda.

Ijumaa Gwenda akabisha hodi. Alikuwa anakwenda kwa dada yake mjini Whitby hadi Jumatatu, na hakuwa na mwingine wa kumwachia Percy. Akampa ufunguo wa kibanda cha bustani, akamwonyesha koti kuukuu la kijani.

“Uvae hili. Bila hili hakusogelei.”

Jumamosi asubuhi majani yalikuwa meupe kwa jalidi. Kibandani, Mavis aliingiza mkono mmoja kwenye koti. Lilinuka sabuni ya Gwenda. Tayari alikuwa anamwona Askari kiganjani mwake, kucha zile nyembamba, uzito wa kitu kisicho na uzito. Ndipo wazo likamchoma: atakuwa amemjia Gwenda, hata Gwenda akiwa Whitby.

Akautoa mkono. Akalitundika koti msumarini, akatoka na sweta lake mwenyewe, akachuchumaa kwenye baridi, funza kiganjani.

Robini alikuwa juu ya mpini wa sepetu. Akainamisha kichwa, akamtazama usoni, akatazama kiganja. Akashuka kwenye chungu cha maua, karibu kiasi kwamba Mavis aliuona ule unyoya ukipeperuka.

Mavis akabana pumzi, wala hakuusogeza mkono.